Uteuzi wa Milango na Madirisha kwa Matumizi Bora ya Nishati katika Nyumba za Makazi: Mfano wa Mji wa Bariadi, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuteua milango na madirisha yanayopunguza matumizi ya nishati katika nyumba za makazi mjini Bariadi na maeneo jirani ya Mkoa wa Simiyu. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa mahali palipo karibu hivyo na ikweta, uamuzi wenye uzito mkubwa si aina ya kioo wala aina ya fremu, bali ni upande ambao dirisha linatazama na kivuli kilichopo nje yake. Makala inaonesha kuwa kwa nyumba nyingi upande huo huamuliwa na barabara, si na jua, na kwamba gharama ya uamuzi huo hulipwa na mwenye nyumba kila alasiri kwa miaka yote anayoishi humo.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa nishati ya nyumbani nchini Tanzania umejikita zaidi katika jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na ni haki kuwa hivyo, kwa kuwa kuni na mkaa ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa wa nishati ya kaya. Hata hivyo, nyumba inayojengwa leo itasimama miaka arobaini au zaidi, na dirisha lililowekwa vibaya halibadilishwi kwa urahisi kama jiko. Kwa upande wa taaluma yetu ya Kiswahili, mlango umeandikwa sana kama sanaa: milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu ina maandishi ya kutosha kujaza kabati. Mlango na dirisha kama vyombo vya kuzuia jua na kupitisha hewa havijapata wasomaji wengi kiasi hicho, hasa katika lugha ambayo fundi na mwenye nyumba wanaitumia wanapoelewana kuhusu kazi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na mji wa Bariadi ukawa makao makuu yake. Tangu hapo ofisi, nyumba za watumishi na makazi ya watu binafsi yameongezeka. Nyumba inayojengwa kwa kawaida ni ya tofali za kuchoma au za saruji, paa la mabati, na madirisha makubwa ya aluminiamu yenye vioo vya kuteleza. Aina hii ya dirisha imekuwa alama ya nyumba iliyokamilika. Mwenye nyumba ambaye bado ana madirisha ya mbao huulizwa na wageni atamaliza lini.

Makala hii inatokana na nyumba ya namna hiyo. Baba yake mwandishi, mwalimu mstaafu, alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kuweka madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya rangi ya kahawia. Dirisha kubwa kuliko yote liliwekwa sebuleni, likitazama magharibi, kwa kuwa barabara iko upande huo. Sebule hiyo haikaliki kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapozama. Familia huhamia chini ya mwarobaini uani, na feni iliyonunuliwa baadaye huzungusha hewa ile ile ya moto. Swali ambalo mzee aliuliza ni rahisi: je, alipaswa kununua kioo kizuri zaidi? Kurasa zinazofuata zinajaribu kumjibu kwa adabu inayostahili, maana fedha ile haitarudi.

2.0 Jua la Bariadi na barabara ya Bariadi

Bariadi ipo takriban nyuzi 2.8 kusini mwa ikweta na karibu na longitudo ya nyuzi 34 mashariki. Kutokana na namba hizi mbili mambo mawili hufuata, na yote yanaweza kukokotolewa bila kifaa chochote.

La kwanza linahusu saa. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki ya Bariadi kwa nyuzi 11. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne, jua la Bariadi huchelewa kwa takriban dakika 44 nyuma ya saa ya ukutani. Mchana kamili wa jua huwa karibu saa 6:44, ukiongezeka au kupungua kwa robo saa kulingana na majira. Ndiyo sababu joto la alasiri Bariadi hunyooka hadi saa ambazo mkazi wa Dar es Salaam, aliye mashariki zaidi, huziita jioni.

La pili linahusu kimo cha jua. Tarehe 21 Juni, jua la mchana kamili huwa upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa takriban nyuzi 64 kutoka upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba huwa upande wa kusini, kwenye nyuzi 69 hivi. Kwa maneno mengine, kwa mwaka mzima jua la saa sita mchana halishuki chini ya nyuzi 63. Upenu wa sentimita 60 ulio mara juu ya dirisha linalotazama kaskazini hutupa kivuli cha sentimita 121 mchana wa Juni. Dirisha la kawaida lenye urefu wa sentimita 120 hufunikwa lote. Upande wa kusini mwezi Desemba, upenu huo huo hutupa kivuli cha karibu sentimita 159. Ni kweli kwamba saa za asubuhi na jioni jua hushuka na kuingia kwa mshazari. Kufikia saa tatu baada ya mchana kamili wa Juni kivuli hicho cha kaskazini hubaki sentimita 88 hivi. Lakini Juni ni miongoni mwa miezi yenye ubaridi, na jua linalokwaruza kioo kwa mshazari si sawa na jua linalokikabili uso kwa uso.

Kwa dirisha la magharibi hesabu hubadilika kabisa. Saa tatu baada ya mchana kamili jua huwa kwenye nyuzi 45, na upenu wa sentimita 60 hukinga sentimita 60 tu, yaani nusu ya dirisha. Saa nne baada ya mchana kamili, ambayo kwa saa ya ukutani ni karibu saa 10:44 jioni, kivuli hubaki sentimita 35. Saa moja baadaye hubaki sentimita 16. Hali hii haibadiliki sana toka mwezi mmoja hadi mwingine, kwa sababu karibu na ikweta jua huzama upande ule ule wa magharibi kwa mwaka mzima likiyumba kidogo tu. Ili upenu peke yake ulikinge lote dirisha la magharibi saa 10:44, ungehitaji kutokeza zaidi ya mita mbili. Huo si upenu tena bali ni baraza.

Ikumbukwe kwamba vipimo hivi vinachukulia kuwa upenu unaanzia pale dirisha linapoishia juu. Penye nafasi kati ya linta na paa, kivuli hupotea ukutani kabla hakijafika kwenye kioo.

Hapa ndipo barabara inapoingia. Barabara kuu itokayo Lamadi, kupita Bariadi, hadi Maswa na kuendelea Mwigumbi, kwa ujumla wake hufuata mwelekeo wa kaskazini kwenda kusini. Kiwanja kilichopimwa kando ya barabara ya namna hiyo hutazama mashariki au magharibi. Na kwa kuwa heshima ya nyumba ni uso wake, dirisha kubwa huwekwa mbele. Matokeo yake ni kwamba nyumba za pande zote mbili za barabara huonesha kioo chao kikubwa kwenye pande mbili ambazo upenu hauna msaada nazo. Majedwali ya Mahoney, yaliyochapishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1971 ili kuwasaidia wasanifu wa nchi za joto, yanapendekeza kwa maeneo kama haya nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakitazama kaskazini na kusini. Barabara haikuyasoma majedwali hayo, na mpimaji wa viwanja hakuulizwa.

3.0 Kioo kina thamani gani?

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu madirisha yenye ufanisi wa nishati umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako kazi ya dirisha ni kuzuia joto la ndani lisitoke. Kwa sababu hiyo hutilia mkazo vioo vya tabaka mbili au tatu na mipira ya kuziba nyufa. Ili kupima uzito wa ushauri huo kwa Bariadi, tuchukue dirisha moja la mita 1.2 kwa mita 1.2, yaani mita za mraba 1.44.

Kioo cha tabaka moja hupitisha takriban wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya nje na ndani. Ikiwa nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 5, dirisha letu huingiza wati 42. Kioo cha tabaka mbili, chenye kiwango cha takriban 2.8, kingeingiza wati 20. Kwa hiyo faida ya kununua kioo cha gharama kubwa ni wati 22.

Sasa tuliweke dirisha hilo hilo kwenye jua la magharibi lisilo na kivuli. Tukikadiria kuwa mionzi inayokipiga kioo wima alasiri ni wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kwa kuwa kioo cheupe cha kawaida huruhusu takriban asilimia 86 ya nguvu hiyo kuingia ndani, dirisha huingiza wati 740 hivi. Hiyo ni karibu robo tatu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, ikiwa imewashwa sebuleni toka alasiri hadi machweo. Kioo cheupe cha tabaka mbili kikiwa mahali hapo bado huruhusu zaidi ya wati 600. Feni ambayo familia huiwasha kupambana na pasi hiyo hutumia wati 50 hadi 75 na haipunguzi joto lolote. Huusogeza tu upepo juu ya ngozi.

Jibu la swali la mzee, basi, ni hapana. Kioo bora zaidi kisingemwokoa. Wala kioo cha rangi ya kahawia hakikumwokoa, ingawa kilimpa faragha. Kioo cha rangi hunyonya sehemu ya jua, kikapata moto chenyewe, kisha kikatoa sehemu ya joto hilo ndani ya chumba. Wakati huo huo hupunguza mwanga, na mwandishi amekuta mara nyingi taa ya sebule ile ikiwaka saa nane mchana nje kukiwa na jua kali. Pazia nalo, hata likiwa zito, hupokea jua likiwa limeshapita kwenye kioo. Joto limeshaingia ndani na halina pa kutokea. Kinachozuia joto ni kitu kilicho nje ya kioo: baraza, bati la kukinga, mkeka wa matete unaoshushwa alasiri, shata la mbao, au mti.

Kuhusu fremu, aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Tofauti hiyo inaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini eneo la fremu ni dogo na hoja hii isipewe uzito kuliko ule unaostahili. Mbao nazo zina adui wao hapa, naye ni mchwa. Mninga hustahimili, mbao za paini zisizotiwa dawa hazistahimili. Mwenye uwezo wa kupata mninga mkavu na seremala mwangalifu hana sababu ya kuona aibu.

4.0 Usiku, upepo na mbu

Simiyu ni eneo kame kiasi, lenye kiangazi kirefu kuanzia Juni. Mwezi Septemba na Oktoba joto la mchana hufikia nyuzi 30 na kupita, lakini usiku hupoa. Tofauti hii kati ya mchana na usiku ni hazina ambayo mkazi wa pwani hana. Ukuta wa tofali za kuchoma hunyonya joto mchana na kulitoa usiku. Ukipitiwa na hewa ya baridi usiku kucha, huamka ukiwa umepoa na kuchelewesha joto la siku inayofuata. Kwa hiyo kanuni ya Bariadi ni kufunga na kutia kivuli mchana, kisha kufungua usiku. Nyumba nyingi hufanya kinyume, na si kwa ujinga. Usiku kuna mwizi na kuna mbu.

Dirisha linalofaa, kwa hiyo, ni lile linaloweza kubaki wazi wakati wenye nyumba wamelala. Hapa dirisha la kuteleza lina kasoro ya kimaumbile, nayo ni kwamba haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Katika mita za mraba 1.44 zilizolipiwa, hewa hupewa 0.72 tu, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo unaopita, hasa ule mdogo wa usiku. Dirisha la mabawa mawili linalofunguka kwa nje hutoa karibu eneo lote, mradi grili iwe upande wa ndani na wavu uwe kwenye fremu yake inayoweza kutolewa na kuoshwa. Vipo pia vioo vya vipande vinavyoinuliwa kwa mkono, ambavyo vilitumika sana katika nyumba za zamani za watumishi na shule. Navyo hupitisha hewa karibu kwa eneo lote na hata mvua ikinyesha huweza kuachwa vimeinama. Vimeachwa kwa kuwa haviwezi kuzibwa vizuri. Katika nyumba isiyo na kiyoyozi, hiyo si kasoro kubwa kama inavyosemwa. Tatizo lake halisi ni vumbi la kiangazi na wepesi wa kuchomolewa na mwizi, ambao unahitaji grili.

Malaria haiwezi kuwekwa pembeni katika mjadala huu, kwa kuwa Kanda ya Ziwa imeendelea kuwa miongoni mwa maeneo yanayoathirika. Dirisha lisilo na wavu huwalazimu watu kulifunga, na chumba kilichofungwa huwa cha moto kiasi kwamba chandarua hutupwa pembeni. Kwa njia hiyo wavu wa dirishani ni kifaa cha nishati kama ulivyo kifaa cha afya. Mkoani Mtwara, mradi wa Star Homes umejenga nyumba 110 vijijini zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu kwa pamoja, ili makazi yenyewe yachunguzwe kama kinga. Mtwara ni pwani yenye unyevu, na kuta nyepesi za kule zisihamishiwe Bariadi bila kufikiri, kwani zingetupotezea ule ukuta mzito unaohifadhi baridi ya usiku. Kinachohamishika ni wazo la kutoyatenganisha mambo hayo mawili.

Jambo moja dogo limepotea bila kelele. Nyumba za zamani zilikuwa na tofali za matundu juu ya madirisha na milango, karibu na dari. Hewa ya moto hupanda, na matundu hayo yalikuwa mlango wake wa kutokea. Siku hizi huzibwa kwa plasta ili ukuta uonekane nadhifu. Kuyarudisha, yakiwa na wavu kwa ndani, ni kazi ya siku moja.

5.0 Milango

Kuhusu milango maneno si mengi, kwa kuwa haina kioo cha kutosha kuingiza jua. Mlango wa bati la chuma unaotazama magharibi hupata moto kiasi cha kuunguza mkono na kuupeleka moto huo ndani. Uwe na baraza mbele yake au uwe wa mbao. La maana zaidi ni kutofautisha kazi mbili za mlango, yaani kulinda na kuziba. Mlango wa grili wa nje wenye wavu, na mlango wa mbao wa ndani, huwezesha grili kufungwa kwa kufuli huku mbao zikiwa wazi. Mlango wa mbele na wa nyuma ikikabiliana kwenye ukumbi mmoja, nyumba hupata njia ya upepo kutoka uani hadi barabarani. Milango ya vyumba inapofungwa kwa faragha, njia hiyo hukatika. Ndipo tundu lililo juu ya mlango hupata kazi tena.

Mipira ya kuziba nyufa chini ya mlango ina maana pale tu palipo na kiyoyozi. Mwenye kiyoyozi chumbani azibe chumba hicho kimoja kikamilifu, asiizibe nyumba nzima.

Kwa wakazi wa Busega, kando ya Ghuba ya Speke, ipo tofauti ndogo: upepo wa ziwa huvuma mchana kuelekea nchi kavu, na dirisha la upande wa ziwa lina faida mchana pia, endapo limepewa kivuli. Kwa Meatu na Itilima, zilizo mbali na ziwa, kanuni ya usiku inabaki kama ilivyo Bariadi.

6.0 Mpangilio wa maamuzi kwa mwenye kiwanja

Asiyeanza kujenga ana nafasi ambayo mzee hakuwa nayo. Anaweza kuigeuza nyumba ndani ya kiwanja ili ubavu wake mfupi utazame barabara, na sebule ifunguke kaskazini au kusini. Akiona aibu kuwapa wapita njia ubavu, aweke baraza pana upande wa barabara na kuliacha dirisha la upande huo liwe dogo. Vyumba visivyokaliwa alasiri, kama stoo na bafu, ndivyo vipewe magharibi. Baada ya hayo ndipo afikirie ukubwa wa eneo linalofunguka, kisha grili na wavu, na mwisho kabisa aina ya kioo. Katika mazungumzo mengi na mafundi, kioo ndicho hutajwa kwanza, maana ndicho chenye bei ya kuulizwa dukani.

Aliyekwisha kujenga hupaswa kuanza na kivuli. Katika nyumba iliyotajwa mwanzoni, dirisha la kahawia halikung'olewa. Palijengwa mbele yake kipaa cha mabati juu ya nguzo za mbao, chenye upana wa mita mbili na nusu, na kwenye ukingo wake kukaning'inizwa mikeka ya matete inayoshushwa saa tisa na kukunjwa jua linapozama. Miche miwili ya mwarobaini ilipandwa upande wa barabara, nje ya kipaa. Matundu juu ya linta yalifunguliwa. Nusu ya dirisha bado haifunguki, na kwa hilo hakuna dawa ila kubadili fremu. Mzee amesema fremu itasubiri. Kwa sasa hupokea wageni wake pale kipaani, upande wa barabara, akiwa amekipa kisogo kioo alichokilipia.